Sayansi na uhandisi kwa mpigo: niliyosema Jumamosi hapa Tanga

Jumamosi niliitwa kuongea na vijana wa kidato cha tano na cha sita wanaosoma sayansi, pamoja na wazazi wao, kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Mvua ikanyesha tangu alfajiri, wa Pongwe na Muheza wengi wakakwama njiani, simu yangu haijapumzika tangu siku hiyo. Basi nimekaa na rekodi ya kwenye simu nimeandika kama nilivyosema, nimetoa kikohozi tu na zile sehemu nilizokuwa namtafuta mwenye rimoti ya projekta. Picha zenyewe nimeziacha, hamjakosa kitu, umeme ulikatika tukiwa kwenye ya tatu.

Assalam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu shikamooni. Wagosi na wanangu wote, hamjambo? Hamjambo kweli au mnaitikia kwa sababu mwalimu wa zamu kasimama hapo mlangoni?

Haya. Nimeambiwa niongelee kusoma digrii ya sayansi na digrii ya uhandisi kwa pamoja, chuo kimoja, mtu mmoja, vyeti viwili. Mimi nilisoma hivyo, Australia, kwa ufadhili, maana kwetu Makorora hakukuwa na mtu wa kunilipia hata nauli ya kwenda huko. Upande mmoja kemia, upande wa pili uhandisi wa kemikali. Kijana wa nyuma kule nimekuona, umenyoosha mkono hata sijaanza, subiri mgosi wangu, ntakufikia.

Kwanza niulize mimi. Nani hapa ameshawahi kutengeneza askrimu? Siyo kula. Kutengeneza. Naona mikono mitatu, minne. Hawa wanne wanajua kitu ambacho maprofesa wanabishania mpaka leo.

Mwaka 1963 kulikuwa na kijana yuko kidato cha tatu shule ya Magamba, huko juu Lushoto, mkoa huu huu wetu. Anaitwa Erasto Mpemba, na hilo ni jina lake, msije mkadhani alishuka na jahazi kutoka Wete. Wanafunzi walikuwa wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndiyo wanaweka kwenye friza. Siku moja Mpemba akaona nafasi kwenye friza inakwisha, mwenzake anawahi, naye akaona bora liwalo na liwe, akaweka ya kwake ya moto vile vile. Baada ya saa moja na nusu hivi wanafungua, ya Mpemba imeganda, ya mwenzake bado uji uji. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa umechanganyikiwa wewe, haiwezekani.

Sasa sikilizeni hapa, ndipo Tanga inapoingia. Alikuwa na rafiki yake hapa hapa mjini, anatengeneza askrimu na kuuza. Rafiki akamwambia mbona sisi tunaweka ya moto siku zote, inaganda haraka. Akawauliza na wauzaji wengine wa Tanga, wote wakasema hivyo hivyo. Mnanielewa? Mji mzima wa wauza askrimu walikuwa wanajua, wanaitumia kila siku, wanapata hela, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Ya nini kuuliza? Askrimu imeganda, wateja wako nje, jua la Tanga mnalijua.

Mpemba akaenda Mkwawa, Iringa, kidato cha tano, akauliza tena, mwalimu wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba siyo fizikia ya dunia, darasa zima likapata utani wa kumtania nao, kila akikosea hesabu wanasema ni hesabu za Mpemba. Mpaka akaja mgeni, Dokta Denis Osborne, wa chuo cha Dar es Salaam, Mpemba akasimama akauliza lile lile, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Akarudi Dar akamwambia fundi wa maabara ajaribu, na yule fundi akarudi na taarifa ambayo mimi naipenda kuliko kitu chochote kwenye hadithi hii, akasema ni kweli ya moto imeganda kwanza, lakini tutaendelea kurudia mpaka tupate jibu sahihi!

Cheka, cheka mama, hata mimi nilicheka. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakaandika makala pamoja, jambo lenyewe leo dunia nzima linaitwa kwa jina la Mpemba, na bado kuna waliopima upya wakasema hawalioni, na wengine wanasema wanaliona, ugomvi haujaisha. Mwenyewe Mpemba akaishia kuwa mtu wa wanyamapori, alisoma chuo cha Mweka.

Kwa nini nimeanza na askrimu? Kwa sababu wale wauzaji walikuwa na kitu kinachofanya kazi na hawana habari na sababu yake. Mpemba alikuwa anataka sababu, hana habari na kuuza. Na hao ni watu wawili tofauti kabisa, wanaishi mji mmoja, wanaongea kwa bahati tu, jioni moja. Ukisoma sayansi na uhandisi pamoja unajaribu kuwatia watu hao wawili kwenye kichwa kimoja. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Sasa mafahali ni hizo digrii na zizi ni wewe.

Tuingie kwenye hesabu kidogo, wazazi najua ndicho mnachosubiri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hapo, digrii ya kemia au fizikia ni miaka 3. Uhandisi ni miaka 4. Tatu na nne? Saba. Ukimaliza moja ukaanza nyingine unatoka na mvi. Australia vyuo kama Monash na University of Sydney vinazifunga pamoja kwa miaka 5. Marekani wana namna yao nyingine, unasoma miaka 3 chuo kidogo cha sayansi na masomo mengine, halafu miaka 2 unahamia shule ya uhandisi, Columbia wanafanya hivyo na vyuo vingi.

Saba inakuwaje tano? Watu wanadhani kuna uchawi. Hamna uchawi. Hesabu, fizikia na kemia za mwanzo zinahesabiwa upande huu na upande ule, unasoma mara moja inalipa kuwili. Halafu yale masomo ya hiari, yale wenzako wanachagua kujifunza Kifaransa au muziki au historia ya filamu, yako yote yameshaliwa. Hamna cha hiari. Hiari yako ulishaitumia siku uliyojaza fomu. Na kila muhula mtu wa sayansi anakuona wa uhandisi, mtu wa uhandisi anakuona wa sayansi, hamna anayekuita kwenye picha ya darasa. Mwaka wa nne wale uliofika nao wanavaa joho, wanapiga picha na maua, wewe unashika mkoba unakwenda maabara. Hilo sikuambiwa na mtu.

Ntawaambia na aibu yangu kabisa. Mwaka wa tatu ratiba zikagongana. Alhamisi mchana nina praktiko ya kemia na Alhamisi mchana hiyo hiyo nina praktiko ya vimiminika, majengo mawili tofauti, nimwendee nani? Ofisi ya sayansi wananiambia waulize uhandisi, uhandisi wananiambia waulize sayansi, nimekwenda na kurudi wiki tatu kama mpira wa Mkwakwani. Nikakosa praktiko tatu. Nikapata sapu, yaani mtihani wa kurudia. Mtoto wa Makorora, ufadhili wa watu, sapu! Nikampigia mama simu, nikategemea anifariji, akanyamaza kidogo kisha akasema mwanangu, njia mbili zilimshinda fisi. Nikamwambia mama, fisi hakuwa na ratiba iliyogongana. Hakucheka. Ilibidi nifanye ile sapu likizo ya Desemba, wenzangu wote ufukweni.

Lakini siyo ratiba iliyonitesa zaidi. Ratiba unaweza kuandika barua, na mwishowe mama mmoja wa masijala alinihamishia Jumatatu kwa dakika mbili, wiki tatu zote zile ilikuwa dakika mbili. Kilichonitesa ni kwamba hizi fani zina tabia mbili, na kila moja inakutaka uwe na tabia yake.

Nilipewa swali kwenye uhandisi, bomba linapitisha kimiminika fulani, presha fulani, toa unene wa ukuta wa bomba. Mimi kichwa kimejaa kemia, nikaandika ukurasa mzima, nikasema inategemea tindikali iliyomo, inategemea joto, inategemea oksijeni, kutu itakwenda hivi na hivi, nikaweka na milinganyo. Najisifu. Karatasi ikarudi na alama mbili kwa kumi, na wino mwekundu chini mhadhiri kaandika: sawa, fundi yuko dukani na hela mkononi, nimwambie anunue lipi?

Nikasema hewala, nimejifunza. Wiki mbili baadaye niko maabara ya kemia naandika ripoti, nikapata jibu langu, nikalizidisha kwa moja na nusu, kwa usalama, si ndivyo uhandisi walivyonifundisha, daima weka akiba. Msimamizi akaniita, akaweka kidole juu ya ile moja na nusu, akaniuliza kwa upole kabisa, hii umeiokota wapi?

Mnaona? Huku ukisema inategemea unafeli, kule ukiacha kusema inategemea unafeli. Mwanasayansi anatakiwa aseme sina hakika na aeleze hana hakika kiasi gani. Mhandisi naye hana hakika, msidanganyike, ila anatakiwa aamue hivyo hivyo kabla ya Ijumaa, aweke akiba, atie sahihi. Na tofauti nyingine ni hii, mwanasayansi akikosea anaandika makala ya pili. Mhandisi akikosea kuna watu wanasomewa hitma.

Sasa mtasema haya mambo ya Australia, sisi yanatuhusu nini. Haya, twendeni Chongoleani. Nani anatoka Chongoleani? Karibu sana. Bomba la mafuta ghafi linatoka Kabaale, Hoima, Uganda, linakuja mpaka hapo kwenu, kilomita 1,443, linakatiza mikoa minane ya Tanzania, bomba lenyewe inchi 24. Hayo mnayasikia kwenye redio. Ambacho redio haikai nacho sana ni kwamba bomba hilo linapashwa moto. Lote. Mafuta yanatakiwa yakae juu ya nyuzi 50 njia nzima, ndiyo maana limevishwa kama mtoto wa Lushoto mwezi wa saba.

Kwa nini? Ntawaambia kwa chupa ya bibi yangu. Bibi alikuwa anakamua mafuta ya nazi mwenyewe, hapa hapa Makorora, meupe kama maji. Nkiwa mdogo akanituma nimpelekee shangazi Lushoto, chupa ya lita moja, mwezi wa saba. Nimepanda basi mafuta yanacheza kwenye chupa, nimelala, asubuhi shangazi anaipindua chupa, hayatoki. Yameganda, meupe, kama samli. Shangazi akakasirika, akasema mama kaanza kuchakachua, kachanganya na kitu, na akaapa. Ugomvi ulidumu mpaka Idi. Mafuta ya nazi yanaganda kwenye nyuzi 24 hivi, Tanga mjini ni nadra kuyaona yakiganda, Lushoto usiku wa Julai ni kawaida. Bibi wa watu hakuchanganya kitu.

Basi mafuta ya Uganda yana nta nyingi, na nta hiyo inafanya kama mafuta ya bibi, ila yenyewe hata joto letu hili la Tanga ni baridi kwake. Ikiachwa ipoe inaanza kujenga vipande vidogo vidogo, vipande vinashikana, mwisho una kilomita na kilomita za mshumaa ndani ya chuma. Sasa fikiria pampu zimesimama, umeme umekatika kama uliokatika hapa sasa hivi, mafuta yamelala bombani. Unayaamsha vipi? Usukume kwa presha gani bila kupasua bomba? Mtu wa kemia atakuambia nta inaanza kujitokeza joto gani, na kwamba ikipoa polepole haigandi sawa na ikipoa haraka, yaani mafuta yale yale yanakumbuka walivyoyatendea. Mtu wa uhandisi atakuambia unene wa blanketi la bomba, pampu ngapi, waya wa kupasha moto upite wapi. Wakikaa vyumba viwili tofauti, wanatumiana barua pepe. Mtu mwenye lugha zote mbili anakaa kati, anasikia wa kwanza anasema inategemea, anamgeuzia wa pili anamwambia andika nyuzi hamsini. Hiyo kazi ipo, na ipo kilomita chache kutoka hapa mlipokaa.

Na kazi haiko kwenye mafuta tu, mkitoka hapa msiseme yule mama kawaambia wote mkaombe kazi kwenye bomba. Mkonge je?

Mkonge ulikuja huku mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja, safarini ikafa ikabaki 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka hiyo 62 kikaanza kilimo cha mkonge huku kwetu. Sasa wale mliokulia karibu na korona, kile kiwanda cha kutoa nyuzi za mkonge, mnajua, jani likiingia kwenye mashine linatoka singa jeupe upande huu, na upande ule linatoka rojo la kijani, na harufu mnaijua, siisemi, watu hawajala. Singa ni kama asilimia 4 tu ya jani zima. Asilimia 4! Hiyo 96 iliyobaki miaka nenda rudi ilikuwa inamwagwa. Hapo Hale wakajenga mtambo wa kugeuza rojo hilo kuwa gesi, gesi ikazungusha jenereta ya umeme.

Mimi niliporudi nyumbani kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye tangi dogo la majaribio la namna hiyo, kwenye shamba ambalo silitaji, wenyewe wapo. Nina digrii mbili, bado vyeti vina harufu ya wino. Tangi linakwenda vizuri, gesi inatoka, jiko la mgahawa wa wafanyakazi linawaka kwa gesi ya tangi letu, tunapikiwa chai kwayo. Nikakaa nikapiga hesabu, nikaona tangi lina nafasi, ujazo unaruhusu tulishe mara mbili. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, hata leo nikiirudia inatoka vile vile. Tukalisha mara mbili. Siku ya kwanza gesi ikaongezeka, nikatembea kifua mbele. Siku ya tatu, ya nne, moto wa jikoni ukaanza kuwa mdogo. Siku ya sita mama wa jikoni kaja kusimama mlangoni kwangu na sufuria tupu, hasemi kitu, kaishika tu.

Nikaanza kutafuta gesi inavujia wapi. Nimefungua valvu, nimekaza valvu, nimepaka sabuni kwenye kila kiungo natafuta mapovu, siku nzima, nimelowa. Jioni akapita mzee mmoja wa korona, mzee wa zamani sana, vidole viwili havipo, akasimama kwenye mdomo wa tangi akanusa. Akasema mwanangu hili limechacha. Limechacha kama togwa.

Nikachukua kipimo. Limechacha. Wale vijidudu wanaotoa gesi wanataka mahali pasipo na uchachu, na wanazaliana polepole, wale wa mwanzo wanaovunja majani na kutoa tindikali ndiyo wenye haraka. Ukilisha kwa pupa wa mwanzo wanakula wanatoa tindikali, wa pili hawawahi kuimaliza, inajaa, inawaua. Hiki kitu nilikisoma! Nimekifanyia mtihani, nimepata alama nzuri! Kilikuwa upande wa kemia wa kichwa changu, na siku nilipopiga hesabu ya ujazo nilikuwa nimekaa upande wa uhandisi, na mlango katikati nimeufunga mwenyewe.

Tukaacha kulisha, tukatia chokaa kidogo kidogo, tukasubiri. Wiki nne. Wiki nne mama wa jikoni anapikia kuni na kila nikipita ananipa chai ya mwisho, ile ya chini ya sufuria.

Kwa hiyo mkiniuliza digrii mbili ni bora kuliko moja ntawaambia sijui, mimi nilikuwa nazo mbili na tangi likafa, na mzee wa korona hakuwa na hata moja. Nachojua ni kwamba vyeti viwili haviongei vyenyewe. Chuo hakikufundishi kuviongelesha, kinakupa hiki Jumatatu na kile Alhamisi, kuviongelesha ni kazi yako, kila siku, na inachosha. Siku hizi kabla sijatia sahihi kitu nina tabia ya ajabu kidogo, wenzangu wananicheka, nageuza karatasi naandika nyuma: sasa mkemia anasemaje? Na najijibu. Kwa maandishi. Mtu mzima.

Haya, ya hapa nyumbani niyapitishe haraka maana mwenyekiti ananionyesha saa.

Kwetu ukiomba chuo unasoma programu moja, huo mfumo wa kufunga mbili pamoja siyo wa kawaida huku. Usilie. Ukiniuliza uanze na ipi ntakuambia uhandisi, bila kufikiri mara mbili, kwa sababu mhandisi akitaka sayansi baadaye anaomba masters, milango ipo, chuo cha Nelson Mandela pale Arusha wanapokea watu kwa masters na udaktari wa sayansi na uhandisi. Lakini mtu wa fizikia akitaka kuitwa mhandisi baadaye, ana mlima. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inatazama digrii ya uhandisi, halafu bado kuna ile programu ya mafunzo kazini ya miaka 3 chini ya wahandisi waliosajiliwa ndiyo usogelee uhandisi mtaalamu. Jina mhandisi hujipi mwenyewe kwenye Facebook.

Ukiwa Mlimani, hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uhandisi na sayansi viko kilima kimoja, unatembea kwa mguu. Nenda kadandie lekcha ya wenzako. Kaa nyuma, andika, hakuna anayekagua tiketi. Hiyo ni bure, na nawajua watu wawili waliojifunza hivyo vizuri kuliko mimi niliyelipiwa.

Wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Najua mpo, nawaona mmejikunyata. Programu nyingi za uhandisi zinataka hesabu ya advansi, BAM, ile hesabu ya msingi mnayosoma ninyi, haitoshi, na ni bora ulisikie leo kwangu kuliko ulisikie siku ya kujaza maombi. Kuna njia za kuzunguka, muulizeni mwalimu wenu wa taaluma, lakini ulizeni mapema.

Wazazi, mkopo wa Bodi ya Mikopo msihesabu utalipa digrii ya kwanza kisha ya pili. Na kama mtoto atapata nafasi nje kwenye hizo za pamoja, muulizeni chuo swali moja kabla ya yote, akishindwa katikati anaweza kuacha moja akatoka na nyingine? Sehemu nyingi anaweza. Mwenzangu mmoja tulianza naye aliacha fizikia mwaka wa tatu akabaki na uhandisi, akamaliza mwaka mmoja kabla yangu, ana nyumba, ana gari, hana hata chembe ya majuto. Nami sikumwona kashindwa. Alikuwa hana swali lolote la fizikia lililomnyima usingizi, alikuwa anapenda tu kusema kwa watu anasoma mbili.

Ndiyo, nimesikia, mama hapo mbele anasema mbona nawakatisha watoto tamaa. Hapana mama yangu. Ningerudi leo ningejaza fomu ile ile. Ningeandika barua ya ratiba wiki ya kwanza, na nisingemwambia mama kuhusu sapu.

Haya mgosi wa nyuma, umenyoosha mkono tangu askrimu mpaka mkonge, naona sasa umeushika na mkono wa pili. Simama mwanangu, sema jina lako, halafu uliza.